Mkono wa Mama Edith

Leonia alipofika kwenye mashine ya kusaga pale Kasense, nusu debe ya ulezi kichwani na mkono wa kushoto umefungwa hogo la plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kanga, wanawake waliokuwa kwenye foleni walinyamaza wote kwa mara moja. Aliutambua ukimya ule. Ulikuwa wa watu waliokuwa wakimsema mtu, kisha mwenyewe akatokea.

"Hamjambo?" alisalimia huku akitua mzigo.

"Hatujambo," waliitikia wawili watatu, na macho yao yakaenda moja kwa moja kwenye hogo.

Cornelia alimsogelea. Walikuwa majirani wa siku nyingi, na mtoto wa Cornelia alikuwa mmoja wa vijana thelathini waliofundishwa ngumi na mume wa Leonia kila jioni kwenye ukumbi wa kigango cha kanisa.

"Mama Edith, pole," alisema kwa sauti ya msibani.

"Nimeshapoa, dada. Wiki ijayo wananifungua."

"Siyo pole ya mkono."

Akachomoa chini ya kanga gazeti lililokunjwa likawa dogo kama kiberiti. Lilikuwa *Fukunyua*, moja ya yale magazeti yaliyoibuka kama uyoga tangu serikali iliporuhusu kila mwenye karatasi na wino kuchapa lake. Sumbawanga lilifika na basi la Mbeya, siku mbili tatu baada ya kusomwa Dar es Salaam, likiwa na vumbi la njia nzima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Zenon, mumewe, ya miaka zaidi ya kumi iliyopita, glovu zikiwa kidevuni na medali ya shaba kifuani. Juu yake, kwa herufi nene kama vidole: RADI YA UFIPA YAMVUNJA MKEWE MKONO.

Leonia alisoma amesimama. Bondia wa zamani wa taifa, liliandika gazeti, yule ambaye mashabiki walimwita Radi ya Ufipa, baada ya kustaafu amehamishia ngumi zake nyumbani. Julai hii amemvunja mkewe mkono kwa kipigo. Alipoulizwa hospitalini kama radi imempiga, mama huyo alijibu kwa machozi: "Acha tu, mwanangu." Chini kabisa hakukuwa na jina la mtu. Iliandikwa tu, Na Mwandishi Wetu.

Maneno yale yalikuwa yake. Siku ile alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya kihenge akipandisha mahindi, nesi aliyekuwa akimfunga mkono alitania, "Vipi mama, radi imepiga nyumbani?" Naye kwa uchovu na maumivu akacheka kidogo na kusema, acha tu, mwanangu. Kwenye benchi palikuwa na wagonjwa, na kijana mmoja mwenye begi la ngozi ambaye hakuonekana kuumwa popote. Machozi hayakuwepo. Hayo Mwandishi Wetu aliyaongeza mwenyewe.

"Nilianguka," Leonia alisema kwa sauti, akiwatazama wote. "Ngazi ilivunjika nikaanguka. Jirani yetu Masunga alikuwepo, ndiye aliyenipeleka hospitali kwa mkokoteni wake."

"Sawa, mama," alijibu mmoja kwa upole uliouma kuliko tusi. Mwingine, nyuma kabisa, alijisemea lakini kila mtu akasikia: "Lisemwalo lipo."

*

Zenon Msangawale hakupiga kelele. Alilisoma gazeti polepole akiwa amekaa kwenye kigoda, kidole kikifuata mstari kwa mstari, halafu akalirudia tokea mwanzo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mabega bado mapana, pua imepinda. Shirika alilokuwa akilipigania ngumi lilikwisha kubinafsishwa na yeye kupunguzwa kazini pamoja na wengine. Alichobaki nacho ni shamba, medali moja, na jina.

"Watu wananijua," alisema mwishowe. "Hili litapita."

Halikupita. Jumatatu mzee wa kigango alikuja kuomba ufunguo wa ukumbi, akizungumza huku anatazama viatu vyake. Ijumaa ikaja barua ya ofisi ya michezo kwamba safari hii timu ya mkoa itaongozwa na mwalimu mwingine, "mpaka hapo mambo yatakapotulia". Muuza duka mmoja mjini, aliyekuwa amebandika picha ya Zenon ukutani kwa miaka minane, aliibandua na kuweka kalenda ya sabuni. Zenon alipoingia kununua mafuta ya taa aliiona alama ya mstatili mweupe iliyozunguka kalenda, akalipa, akatoka bila kusubiri chenji. Na vijana wa stendi, ambao zamani walimwamkia kwa heshima zote, sasa walisubiri ampite ndipo mmoja apaze sauti: "Mshikaji, kaa mbali, radi hiyo!"

Lakini kilichomvunja si hayo. Ilikuwa barua ya Edith, binti yao wa pekee, aliyekuwa chuo cha ualimu. Leonia hakuwepo ilipoletwa. Aliporudi kutoka kisimani aliikuta imefunguliwa juu ya meza, na Zenon amesimama mlangoni amempa mgongo.

"Imeandikwa jina lako," alisema bila kugeuka. "Nisamehe, nimeisoma."

Barua ilikuwa fupi. *Mama, shikamoo. Nimeliona gazeti. Safari hii ni mkono? Usinijibu kwa barua, rudi tu kijijini Kate kwa babu, nitakufuata huko.*

"Safari hii," Zenon alirudia. "Kumbe anakumbuka."

"Alikuwa na miaka kumi, Baba Edith. Atasahauje?"

Lilikuwa jambo ambalo nyumba ile haikulitaja. Mwaka themanini na saba, baada ya kupoteza pambano lake la mwisho, Zenon alianza kunywa. Jioni moja Leonia alimwuliza ziko wapi hela za ada, naye akampiga ngumi moja tu, ya mtu anayejua kupiga. Leonia alipoteza jino na akaanguka juu ya sufuria la maharage ya moto, mtoto anatazama. Asubuhi yake alimchukua Edith wakaenda Kate, kwa baba yake, akakaa miezi minne. Zenon alifuata na wajomba zake, akapiga magoti mbele ya wazee, akatozwa mbuzi, akaapa. Kiapo alikitunza. Pombe hakuigusa tena, wala mke hakumnyooshea mkono. Jambo likafukiwa, na juu yake pakaota majani.

Zenon aliketi. "Nitalishtaki lile gazeti," alisema. "Mkono huu sikuuvunja mimi."

*

Aliyewasaidia ni mzee Yusto, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Wakili hawakumweza. Walikuwa wameuza magunia manane ya mahindi, na fedha ile ilitosha ada ya mahakama na nauli tu. Mzee Yusto aliandika hati ya madai kwa mkono, kwa mwandiko uliolala vizuri kama mawimbi, akakataa malipo isipokuwa chai.

Gazeti lilimleta wakili kutoka Mbeya. Kesi ikapigwa kalenda Oktoba, ikapigwa Desemba, ikapigwa Februari. Hogo lilikwisha kutolewa zamani, na mkono ulikuwa umerudi kushika jembe. Masunga, Msukuma mfuga ng'ombe aliyepandisha mifugo yake kutoka bonde la Milepa na kujenga karibu na shamba lao, alikubali kuja kutoa ushahidi ingawa mahakama aliiogopa.

Wiki moja kabla ya kusikilizwa, mzee Yusto alikuja nyumbani mchana, mvua ikinyesha, akaketi nao karibu na moto.

"Shikamoo, mzee," Leonia alimsalimia, akamjazia kikombe cha chai.

"Marahaba, binti yangu. Sikiliza. Masunga watamsumbua. Watasema ni rafiki, kwamba mnamlishia ng'ombe mabua shambani kwenu, kwa hiyo lazima awatetee. Basi kesi yote itakuegemea wewe. Na yule wakili atakuuliza swali moja." Alimtazama juu ya miwani. "Atakuuliza kama mumeo amewahi kukupiga. Utasema hapana. Neno moja tu. Usielezee, usirefushe."

Kuni zilipasuka motoni. Leonia alimgeukia mumewe. "Baba Edith. Wewe unataka nisemeje?"

Zenon alikuwa akichokonoa kuni. "Mzee Yusto anaijua sheria," alisema.

"Sikuuliza sheria."

"Mambo ya zamani yale, Mama Edith. Nililipa. Wazee wakayamaliza."

Leonia aliinuka. Alitoka akasimama barazani, mvua ikimrukia miguuni. Miezi minane alikuwa amewaambia watu wote kwamba gazeti limesema uongo: kwenye mashine, kanisani, sokoni. Alikuwa amelisema hilo kwa uso mkavu kwa sababu lilikuwa kweli. Sasa walimtaka auchukue uongo wake mwenyewe, aushike mkononi sambamba na Biblia, ili ukweli upite. Na zaidi ya hapo, jambo moja lilimchoma ambalo hata yeye hakuwa amelifikiria vizuri kwa miaka yote ile: nililipa. Alimlipa nani?

*

Chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Wengine walikuja kwa mapenzi ya Radi, wengine kwa mapenzi ya umbea. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la sufu, akiandika kila kitu kwa mkono wake, taratibu, hata mtu alilazimika kumsubiri kabla ya sentensi inayofuata.

Masunga alisema alichokiona: alikuwa akipita na ng'ombe, mama yuko juu ya ngazi, kipandio kikakatika, mama akaporomoka na gunia. Zenon alikuwa mjini siku hiyo. Wakili akamwuliza ng'ombe wake wanakula wapi kiangazi. "Shambani kwa mzee Zenon," Masunga alijibu. "Bure?" "Bure." Wakili akaketi, akitabasamu. Ilikuwa vilevile kama mzee Yusto alivyobashiri.

Kisha akaitwa Leonia. Aliapa, akaeleza ngazi, gunia, mkokoteni, nesi na utani wake. Alikiri maneno ya acha tu, mwanangu, akayakana machozi. Wakili aliinuka, akarekebisha tai.

"Mama, unampenda mumeo?"

"Ni mume wangu."

"Ungependa ashinde kesi hii?"

"Ningependa gazeti liseme kweli."

"Vizuri sana. Basi na sisi tuseme kweli. Mumeo amewahi kukupiga?"

Leonia alimwona mzee Yusto ameinamisha kichwa, midomo yake ikitamka lile neno moja. Hakumtazama Zenon.

"Amewahi," alisema.

Chumba kiliguna kama mtu aliyekanyagwa. Hakimu aligonga meza. Wakili, ambaye alikuwa amejiandaa kupambana na hapana, aliharakisha.

"Lini?"

"Mwaka themanini na saba. Mara moja. Alinitoa jino hili." Akaonyesha pengo. "Mkono hakunivunja. Ningekuwa natafuta kumkinga ningekukatalia hilo la jino, maana halina shahidi isipokuwa mimi na mtoto."

"Sina swali jingine, Mheshimiwa," wakili alisema, akageuka kuwatazama watu kana kwamba amekwisha shinda.

Hakimu alimaliza kuandika. "Mdai, huna wakili. Una haki ya kumwuliza shahidi wako maswali ya mwisho. Unayo?"

Zenon alisimama. Wale waliowahi kumwona ulingoni walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona akiinuka vile, kama mzee anayeinuka kitandani. Alitembea mpaka karibu na kizimba, akashika mbao kwa mikono yake miwili mikubwa.

"Mama Edith," alisema. "Baada ya siku ile, niliomba msamaha?"

"Uliomba."

"Nilimwomba nani?"

"Ulimwomba baba yangu. Ukawaomba na kaka zangu." Leonia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi hukuniomba. Mbuzi walimla wao. Mimi niliambiwa tu nifunge mizigo, nimeshasamehe."

Zenon aliziachia mbao za kizimba. Halafu akasema kwa sauti ambayo madirishani waliisikia vizuri:

"Basi nakuomba sasa. Nilikupiga. Nilikosea. Nisamehe."

"Hilo siyo swali," alisema hakimu.

"Najua, Mheshimiwa."

Kalamu ya hakimu ilisimama juu ya karatasi. Wakili alikuwa ameinuka nusu, hajui apinge nini. Hakimu alimtazama Zenon, akamtazama Leonia, kisha akainama akaandika, neno kwa neno, kwa mwendo wake uleule.

*

Kutoka siku ile mpaka hukumu zilipita wiki sita, na zilikuwa wiki ngumu kuliko miezi yote ya nyuma. Sasa watu hawakuwa na haja ya kunong'ona. Wapo waliomlaumu Leonia: mwanamke gani anamwaga mchele kwenye kuku wengi, tena kwa mdomo wake? Mzee Yusto mwenyewe hakuja kunywa chai siku kumi na mbili. Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na hali ambayo Leonia hakujua vizuri namna ya kuishi nayo. Zenon alizungumza. Akiwa anapukuchua mahindi alisimulia jinsi lile pambano la mwisho lilivyokwisha, jinsi alivyotembea mtaani Dar es Salaam hadi asubuhi akiona haya kupanda basi. "Sisemi hivi ili unihurumie," aliongeza. "Nakueleza tu ilikuwaje." Na Leonia alimsikiliza, mara nyingine kwa huruma, mara nyingine kwa hasira iliyokuwa imechelewa miaka kumi. Hasira ile pia Zenon aliisikiliza.

Edith alikuja likizo. Aliwatazama wazazi wake siku mbili. Siku ya tatu, baba yake alimwita barazani, wakakaa huko muda mrefu, na Leonia hakuwafuata. Alichosikia kutoka jikoni ni binti yake akilia, na baadaye, baada ya muda mwingi, akiuliza kama kuna mtu amekwisha tengeneza ile ngazi.

Hukumu ilisomwa mwezi Mei, baridi ya Ufipa ikianza kuuma. Hakimu alisema gazeti halikuandika kwamba mdai aliwahi kumpiga mkewe mwaka themanini na saba. Lingeandika hivyo lingekuwa limeandika kweli. Liliandika kwamba Julai ile alimvunja mkono, na hilo halikuletewa ushahidi hata chembe. "Shahidi aliyeiambia mahakama jambo la kumwumiza yeye na mumewe, wakati angeweza kulikataa kwa neno moja," alisoma, "mahakama haioni sababu ya kutomwamini anaposema jambo la pili." Gazeti likaamriwa kuomba radhi ukurasa uleule, kwa herufi zilezile, na kulipa fidia.

Fidia waliikatia rufaa. Radhi waliichapa, kweli ukurasa wa kwanza, ingawa picha waliyoiweka safari hii ilikuwa ndogo na Zenon alionekana amefumba macho. Mzee Yusto aliileta nakala mwenyewe, ameikumbatia kifuani.

"Binti yangu," alisema, akikaa kwenye nafasi yake ya zamani karibu na moto. "Miaka thelathini nimekaa mahakamani nikidhani naijua kazi ile."

"Kunywa chai, mzee," alisema Leonia.

Ofisi ya michezo haikumrudisha Zenon mwaka ule. Kigango kilimrudishia ufunguo, lakini kabla ya kuupokea aliomba azungumze kwanza na wazazi, akawaambia yote, hata wale ambao walikwisha kuyasikia, ili mwenye kumleta mtoto wake amlete akijua. Kati ya vijana thelathini walirudi kumi na mmoja. Zenon aliwafundisha wale kumi na mmoja kwa bidii kana kwamba ni timu ya taifa.

*

Jumapili moja ya Juni, baada ya misa ya pili, mwanamke mgeni alifika nyumbani kwao. Alikuwa kijana, amembeba mtoto mgongoni na furushi mkononi, na mtandio ameushusha mpaka kwenye nyusi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Bertilla, anatoka upande wa pili wa mji. Leonia alimkaribisha kiti na uji. Hakumwuliza kitu kuhusu jicho lake lililovimba.

"Nimemfuata baba," Bertilla alisema hatimaye, akimwelekea Zenon. "Nilikuwepo mahakamani, dirishani. Mume wangu ni shabiki wako tangu utoto. Kila akilewa anasimulia mapambano yako, raundi kwa raundi. Wazee wamekwisha kaa naye mara mbili. Mara zote mbili wamekula, wamekunywa, wakaondoka." Alisita. "Mimi mizigo yangu nimeshaifunga. Leo naondoka kwenda kwetu, hilo halibadiliki. Lakini nimeona, kabla sijaondoka, kuna mtu mmoja ambaye mume wangu anaweza kumsikiliza."

Zenon aliweka bakuli chini. Uso wake uliiva kwa haya, mpaka masikioni.

"Mwanangu, mimi nitamwambia nini mtu mzima? Watu wote wanajua nilichofanya."

"Ndiyo sababu nimekuja kwako."

Alimtazama mkewe, kama mtu anayetafuta kona yake. Leonia alikuwa amekwisha simama. Alichukua mtoto mgongoni kwa Bertilla ili mama yake apumzike mabega, akamfunga mgongoni mwake, akakaza fundo la kanga kifuani.

"Vaa viatu, Baba Edith," alisema. "Tutamsindikiza mpaka stendi, apande gari lake salama. Halafu wewe na mimi tutapita kwa huyo mumewe."

"Nianze na lipi?"

"Anza na sufuria la maharage. Mwambie lilikuwa na moto kiasi gani, na nani aliyazoa maharage sakafuni."

Zenon alivaa viatu, akafunga kamba kwa makini. Wakatoka watatu, mtoto amelala mgongoni kwa Leonia, Bertilla akitangulia kuelekea stendi, huku akiwaelekeza nyumba ya mumewe ilipo.